Bao, Drafti na Karata: Msaada kwa Mkono na Akili Baada ya Kiharusi

Na Mratibu wa Miradi ya Afya na Diakonia

Mwalimu mmoja mstaafu katika mojawapo ya sharika zetu za Pwani alikuwa fundi wa bao kwa miaka mingi. Miezi miwili baada ya kupata kiharusi alirudi barazani kwa wenzake akitembelea fimbo. Walimpokea kwa furaha. Lakini siku ya tatu walianza kunong'onezana kwamba mwalimu siku hizi anaiba. Kila alipokuwa akisambaza kete alifika katikati ya bao, akayaruka mashimo ya upande wa kushoto, kisha akaendelea na mchezo kana kwamba hayapo. Mmoja alimwambia usoni. Mwalimu aliona aibu, akaacha kwenda.

Habari hii ililetwa kwetu na mzee wa kanisa wa mtaa ule. Mtaalamu wa tiba kwa vitendo alipomtembelea mwalimu nyumbani, alimwekea bao mbele yake na kumwomba aweke kete moja katika kila shimo la upande wake. Mwalimu alijaza mashimo ya kulia, akafuta mikono, akasema amemaliza. Mashimo ya kushoto yalibaki matupu. Hakuwa anaiba. Macho yake yalikuwa mazima, ila ubongo wake ulikuwa umeacha kuujali upande wa kushoto.

Tumeanza na habari hii kwa sababu inaonyesha jambo ambalo sharika nyingi hazijalitambua. Mchezo unaochezwa chini ya mwembe unaweza kumfunulia mgonjwa na familia yake tatizo ambalo hakuna aliyeliona. Aidha, mchezo huo huo, ukitumiwa kwa utaratibu, unaweza kuwa sehemu ya kumsaidia. Katika makala hii tunapenda kueleza namna gani, kwa kiasi gani, na mahali ambapo msaada huo unakoma.

Kiharusi ni nini

Kiharusi hutokea pale damu inaposhindwa kufika katika sehemu ya ubongo, ama kwa sababu mshipa umeziba, ama kwa sababu umepasuka na damu ikavuja. Sehemu iliyokosa damu hufa, na kazi iliyokuwa ikifanywa na sehemu hiyo husimama. Upande wa kulia wa ubongo huongoza upande wa kushoto wa mwili, na wa kushoto huongoza upande wa kulia. Ndiyo maana mgonjwa hupooza upande mmoja. Wengine hupoteza usemi, wengine kumbukumbu, wengine uwezo wa kupanga mambo kwa mfuatano, na wengine, kama mwalimu wetu, hupoteza upande mzima wa kile kilicho mbele yao.

Chanzo kikubwa ni shinikizo la juu la damu, ambalo mtu anaweza kuishi nalo miaka mingi bila kuhisi lolote. Si kulogwa wala si upepo mbaya, na kila saa inayopotea kwa kutafuta tiba ya namna hiyo ni saa ambayo hospitali ingeweza kuitumia.

Tatizo hili si dogo kwetu. Utafiti uliofanyika kuanzia mwaka 2003 hadi 2006 katika wilaya ya Hai na katika eneo la Dar es Salaam, ukiongozwa na Dkt. Richard Walker na wenzake na kuchapishwa mwaka 2010, ulihesabu viharusi vya mara ya kwanza. Baada ya kuzingatia tofauti za umri, Hai walikuta takriban watu 109 katika kila watu 100,000 kwa mwaka. Dar es Salaam walikuta takriban 316. Kiwango hicho cha mjini kilikuwa miongoni mwa vikubwa vilivyokwisha kuripotiwa duniani. Hivyo basi, kila kamati ya usharika inayosoma ukurasa huu ijiulize ni nyumba ngapi katika eneo lake zina mtu aliyekaa kitandani au kwenye mkeka kwa sababu hii.

Ubongo hujifunza upya, lakini kwa kutumika

Sehemu ya ubongo iliyokufa haifufuki. Hata hivyo, sehemu zilizo hai zinaweza kujifunza kubeba baadhi ya kazi zilizopotea. Mabadiliko makubwa zaidi kwa kawaida huonekana katika miezi 3 ya mwanzo, na huendelea polepole zaidi baada ya hapo. Jambo linalouamsha ubongo ujifunze ni kitendo kinachorudiwa mara nyingi, chenye maana kwa mgonjwa, na kigumu kidogo kuliko kile anachokiweza tayari.

Hapa ndipo upendo wetu unapoweza kudhuru. Tumetembelea nyumba ambamo mgonjwa hulishwa, huvalishwa, huogeshwa na hata kukunwa mgongo, wakati mkono wake dhaifu umelazwa mapajani na kufunikwa kanga. Familia inafanya hivyo kwa huruma. Lakini mkono usiotumika hujifunza kutotumika. Mwanasayansi Mmarekani Edward Taub ndiye aliyelieleza jambo hili kwa undani: mgonjwa hujaribu mkono, unashindwa, anautumia ule mzima, na baada ya muda anausahau ule dhaifu hata pale unapokuwa umepata nguvu kidogo.

Utafiti mkubwa juu ya wazo hilo ulichapishwa Marekani mwaka 2006. Wagonjwa 222, waliopata kiharusi kati ya miezi 3 na 9 kabla, walishiriki. Wale waliopewa tiba hiyo walivalishwa glavu nene kwenye mkono mzima kwa muda mwingi wa siku, wakafanyishwa mazoezi ya mkono dhaifu kwa saa nyingi kila siku kwa wiki 2. Mwaka mmoja baadaye mikono yao ilikuwa bado bora kuliko ya wale waliopata huduma ya kawaida. Ni vyema ikaeleweka kwamba wagonjwa hao walikuwa na uwezo kidogo wa kukunjua kifundo cha mkono na vidole tangu mwanzo. Mkono usiojongea kabisa unahitaji njia nyingine, na hatuwashauri kamwe kumfunga mgonjwa mkono mzima nyumbani bila mtaalamu kusimamia.

Mashine au karata?

Rafiki mmoja anayetusaidia kutoka nje aliwahi kutuuliza kama tungependa kutumiwa mashine za michezo ya luninga, zile ambazo mtu huzichezea kwa kupunga mkono mbele ya kioo. Alisema zinatumika katika hospitali za kwao. Tulimshukuru sana, kisha tukamweleza yafuatayo.

Mwaka 2016 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanyika katika nchi 4: Kanada, Argentina, Peru na Thailand. Wagonjwa 141 waliopata kiharusi ndani ya miezi 3 waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilicheza michezo ya mashine ya Nintendo Wii. Kundi la pili lilicheza karata, bingo, mpira, na mchezo wa kupanga na kuchomoa vipande vya mbao. Kila kundi lilipangiwa vipindi 10 vya saa moja katika wiki 2, juu ya mazoezi ya kawaida ya hospitali. Mwisho wa utafiti makundi yote mawili yalikuwa yamepiga hatua katika kutumia mkono, na mashine haikuonyesha kuwa bora kuliko michezo ya mezani.

Watafiti hao, akiwemo Dkt. Gustavo Saposnik aliyewaongoza, walieleza kwamba aina ya kazi inaweza kuwa na umuhimu mdogo kuliko kule kuifanya kwa wingi na kwa kurudia. Kwetu sisi hii ni habari njema. Bao halihitaji umeme, haliharibiki kwa vumbi, na katika kila mtaa kuna anayejua kulicheza.

Bao linafanya kazi gani

Bao la Kiswahili lina mashimo 32, yaani safu 4 za mashimo 8, na kete 64. Tuangalie kinachotokea mchezaji anapocheza mara moja tu.

Kwanza, anaangalia safu zake mbili kutoka mwisho wa kulia hadi mwisho wa kushoto. Mgonjwa asiyejali upande mmoja analazimika kuutafuta upande huo.

Pili, anahesabu kete zilizomo shimoni na kutabiri ya mwisho itaangukia wapi. Hapo anatumia hesabu, kumbukumbu na uamuzi.

Tatu, anazichota kete, anazishika kiganjani, na kuziachia moja moja kwa kuisukuma kila kete kutoka kiganjani hadi kwenye ncha za kidole gumba na cha shahada. Kitendo hicho kidogo ndicho kinachohitajika katika kufunga kifungo, kuhesabu sarafu, na kushika tonge bila kulidondosha.

Nne, anangoja zamu yake. Wagonjwa wengi baada ya kiharusi huwa na pupa, na hukurupuka kutenda kabla ya kufikiri. Zamu humfundisha kutulia.

Tano, anakaa na watu. Takriban mgonjwa mmoja kati ya watatu hupatwa na sonona wakati fulani baada ya kiharusi. Mtu mwenye sonona hafanyi mazoezi, hata ukimwandikia vizuri namna gani. Lakini akiitwa na mwenzake aje amlipizie kisasi cha jana, atainuka.

Alex de Voogt, Mholanzi aliyeandika mwaka 1995 juu ya mafundi wa bao wa Zanzibar, alieleza jinsi baadhi yao walivyoweza kucheza bila kulitazama bao, wakilibeba lote kichwani. Hatumtegemei mgonjwa wetu afike huko. Tunachosema ni kwamba bao lina ngazi nyingi, na kila mtu anaweza kupata ngazi inayomfaa.

Ngazi nne za kufuata

Wataalamu wanaotusaidia wametufundisha tusianze na mchezo kamili. Mgonjwa akishindwa mbele ya watu siku ya kwanza, hatarudi siku ya pili.

Ngazi ya 1: Kujaza. Hakuna mashindano. Bakuli la kete huwekwa upande wa mkono mzima, na mgonjwa huzihamisha moja moja kwa mkono dhaifu hadi mashimo yake 16 yajae. Kama vidole haviwezi kushika kete, anzeni na ndimu na bakuli mbili kubwa, kisha vifuniko vya chupa za maji, kisha komwe, na mwisho maharage. Kitu kikubwa hushikwa kwa kiganja chote, kidogo hushikwa kwa ncha za vidole. Hiyo ndiyo safari yenyewe.

Ngazi ya 2: Kusambaza. Mgonjwa huchota kete za shimo moja na kuzisambaza. Kabla hajaanza, msaidizi humwuliza, "Mzee, ya mwisho itaangukia wapi?" Mgonjwa huonyesha kwa kidole, kisha husambaza na kujihakiki mwenyewe. Asiyeweza kusema huonyesha tu. Kwa hiyo mchezo huu unawafaa hata waliopoteza usemi.

Ngazi ya 3: Bao la kujifunza. Kila shimo huwekwa kete 2, na wachezaji wawili hucheza kwa kanuni nyepesi kama wanavyofundishwa watoto. Mashimo yote yana kete tangu mwanzo, hivyo hakuna kete za kukumbuka zilizowekwa pembeni.

Ngazi ya 4: Bao la Kiswahili. Kila mchezaji huanza na kete 6 katika nyumba, kete 2 katika kila shimo kati ya mashimo mawili yanayofuata, na kete 22 za akiba, ambazo huingizwa moja moja hadi ziishe. Anayefika hapa amerudi katika jamii ya wachezaji, na anahitaji mpinzani kuliko msaidizi.

Kama hamna bao, chukueni trei mbili za mayai. Trei moja ina nafasi 30, yaani safu 5 za nafasi 6. Kateni kutoka kila trei kipande cha nafasi 4 kwa 4, viunganisheni viwili hivyo, nanyi mtapata mashimo 32. Libandikeni juu ya ubao ili lisisogee mgonjwa anapoligusa.

Drafti, karata, na wasiopenda mchezo

Si kila mtu anapenda bao. Drafti, lenye kete 12 kwa kila mchezaji, ni rahisi zaidi kwa macho na linafaa kwa mtu mwenye shida ya kuhesabu. Vizibo vya soda vikibandikwa juu ya vipande vya mti mpini hushikika kwa urahisi, na vinaweza kupunguzwa urefu kadiri mkono unavyopata nguvu. Karata zinafaa kwa kupanga: mgonjwa hutenganisha nyekundu na nyeusi, kisha kopa, uru, shupaza na pau. Asiyeweza kuzishika mkononi achomeke karata zake katikati ya nywele za brashi ya kufulia iliyogeuzwa juu. Zitasimama, na mkono dhaifu utapata kazi ya kuzichomoa.

Tulijifunza pia kwa kukosea. Bibi mmoja tuliyempelekea bao alilitazama kwa adabu, akacheza mara mbili, na ziara iliyofuata tulikuta limefunikwa kuku wanalala juu yake. Tulipomwuliza alicheka, akasema, "Mwanangu, bao ni la wanaume wa barazani. Mimi nipeni ungo." Alipewa ungo na kisado cha mchele. Alichambua chuya na mawe kwa mkono wake dhaifu kila asubuhi, polepole, na mchele huo ulipikwa na kuliwa na wajukuu. Baadaye alirudia kusuka ukili. Mkono wake ulipata mazoezi mengi kuliko ambavyo sisi tungemwandikia. Hivyo basi, mwulizeni mgonjwa kwanza alipenda kufanya nini kabla ya kuugua. Mchezo ni njia mojawapo tu.

Tahadhari

Yafuatayo yazingatiwe na kila anayejitolea.

Mgonjwa akae wima kwenye kiti, miguu ikigusa chini, na mkono dhaifu ukilazwa juu ya meza au mto. Msimvute kamwe kwa mkono uliopooza, wala msimwinue kwa kumshika kwapani. Bega la upande huo hulegea na linaweza kuteguka kwa urahisi.

Vipindi viwe vifupi. Dakika 10 hadi 20, mara mbili au tatu kwa siku, ni bora kuliko saa moja inayomchosha. Uchovu baada ya kiharusi si uvivu.

Kete ndogo zisiachwe kwa mgonjwa aliyechanganyikiwa au anayepeleka vitu mdomoni, wala mbele ya watoto wadogo.

Maumivu makali ya bega, mkono kuvimba, au vidole kukaza zaidi ni sababu ya kusimamisha mazoezi na kumwona mtaalamu.

Dawa za shinikizo la damu zisiachwe kwa sababu mgonjwa anajisikia vizuri. Kiharusi cha pili kinaweza kufuta miezi yote ya jitihada. Uso ukipinda, mkono ukilegea au usemi ukikoroga ghafla, msingoje kesho. Mkimbizeni hospitali.

Mwisho, tusicheze kwa fedha. Wapo washarika waliotuuliza kwa nini kanisa linaleta mchezo wa kijiweni. Swali lao ni la haki, kwa maana wameona nyumba zilizoharibiwa na kamari na saa zilizopotea bure. Tumewajibu kwamba ubaya haumo katika kete. Mwalimu Nyerere alijulikana kwa kupenda bao, na hakuna aliyemhesabu kuwa mtu asiye na kazi. Tunachokikataa ni dau, na katika vikundi vyetu halipo.

Kitu ambacho hakitoshi

Tungekuwa hatuwatendei haki wafadhili wetu kama tungeishia hapa. Ipo hatari ya kudhani kwamba tukiifundisha familia mara moja na kuwaachia bao, kazi imekwisha.

Wenzetu wa India walilipima wazo linalokaribiana na hilo kwa umakini. Wagonjwa 1,250 katika hospitali 14 walishiriki. Katika nusu ya kwanza, mwanafamilia alifundishwa kumfanyisha mgonjwa mazoezi nyumbani. Nusu ya pili walipata huduma ya kawaida. Matokeo yalichapishwa mwaka 2017. Baada ya miezi 6, idadi ya waliokufa au kubaki tegemezi ilikuwa karibu sawa katika makundi yote mawili, yaani asilimia 47. Mafunzo kwa familia, yakiwa peke yake, hayakubadilisha matokeo hayo.

Matokeo hayo yalitufanya tupitie upya mpango wetu. Mama anayeamka alfajiri kuchota maji, kupika, kwenda shambani na kumwogesha mgonjwa hawezi pia kuwa mtaalamu wa viungo kwa sababu tu amehudhuria mafunzo ya siku moja. Kwa hiyo hatutaki kumwongezea mzigo. Tunataka kuugawa. Msaidizi wa usharika aje siku zilizopangwa, mgonjwa atoke nyumbani akutane na wenzake, na mtaalamu arudi kukagua na kupandisha ngazi. Wala hatudai kwamba bao limethibitishwa kuponya kiharusi. Kilichothibitishwa ni faida ya mazoezi yanayorudiwa na yenye lengo. Bao ni chombo cha kumfanya mtu arudie bila kuchoka moyo.

Tunachoomba

Kwa kamati za sharika, tunaomba mambo manne. Kwanza, andikeni majina ya wagonjwa wa kiharusi katika kila mtaa, wakiwemo wasio washarika wetu, na mtunze majina hayo kwa siri. Pili, chagueni watu wawili wenye subira, mwanamume na mwanamke, wa kuwatembelea. Tatu, tengeni siku moja katika wiki ambapo wagonjwa wanaoweza kusogea watakutana chini ya mti au katika jengo la usharika. Nne, muwe na daftari. Mara moja kwa wiki mgonjwa ajaze mashimo 16 kwa mkono dhaifu, nanyi muandike imechukua muda gani na kete ngapi zimedondoka. Hospitali nazo hupima kwa njia inayofanana, kwa vijiti 9 na mashimo 9. Daftari litamwonyesha mgonjwa hatua ambayo yeye mwenyewe haioni, na litatuonyesha sisi pale ambapo hatusaidii.

Kwa wafadhili wetu, ombi letu linaweza kuonekana dogo. Mabao yatachongwa na maseremala wa hapa hapa. Tunachokosa ni nauli na posho ya mtaalamu wa tiba kwa vitendo kufika vijijini mara kwa mara, na vipimo vya shinikizo la damu kwa kila usharika, ili wanaokuja kucheza wapimwe, na wanaowasindikiza wapimwe pia. Vitu hivi havina mvuto wa picha kama mashine mpya iliyofunguliwa boksi, lakini ndivyo vinavyoamua kama ziara ya kwanza itafuatiwa na ya pili.

Na mwalimu je? Mtaalamu alifunga kitambaa chekundu kwenye ukingo wa kushoto wa bao lake, akamfundisha kukitafuta kwa macho kabla ya kila mchezo. Alifanya hivyo na mkewe kwa wiki kadhaa. Kisha mzee wa kanisa alikwenda barazani peke yake kuwaeleza wachezaji kilichompata mwenzao. Walinyamaza kwa muda. Aliyemwita mwizi ndiye aliyekwenda kumchukua kesho yake.

Bado husahau, hasa akichoka. Wenzake wamezoea kumwambia, "Mwalimu, kushoto!" naye hugeuza kichwa, akakitafuta kitambaa, akaendelea. Mezani kwake pia mkewe humwambia hivyo hivyo, maana hapo awali aliacha nusu ya chakula chake kila siku na familia ikadhani hana hamu ya kula. Sasa humaliza sahani.

Kamati zilizo tayari kuanza ziwasiliane na ofisi ya Diakonia kupitia kwa mchungaji wa usharika.